Lugha Mpya za Programu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuanza Kujifunza

Vijana wanaosomea TEHAMA katika Jiji la Tanga na wilaya jirani za Pangani, Mkinga na Muheza hukabiliwa na uamuzi wenye gharama: kuendelea kujenga ujuzi wa lugha ya programu waliyokwisha kuianza, au kuhamia lugha mpya inayosifiwa. Uamuzi huo huchukua miezi ya masomo, fedha za vifurushi vya intaneti na, kwa baadhi yao, gharama ya kununua kompyuta.

Umri wa lugha si kipimo cha thamani yake

Lugha ya programu ni mfumo wa maandishi unaotumika kuielekeza kompyuta kazi ya kufanya. SQL, inayotumika kuhifadhi na kutafuta taarifa, ilianza miaka ya 1970. Python ilitolewa mwaka 1991 na Java mwaka 1995. Zote zinatumika hadi leo. Miongoni mwa lugha changa, toleo la kwanza rasmi la Rust lilitoka mwaka 2015 na la Kotlin mwaka 2016. Swali la msingi ni kazi ambayo lugha inafanya katika mifumo iliyopo.

Mfano wa mfumo wa takwimu za afya

DHIS2, mfumo uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya. Sehemu yake ya seva imeandikwa kwa Java, kurasa zake za wavuti kwa JavaScript, na programu yake ya simu za Android kwa Kotlin.

Kwa anayeifahamu Java, Kotlin ni hatua fupi, kwa kuwa lugha hizo mbili zinaweza kufanya kazi pamoja ndani ya mradi mmoja. Aidha, kampuni ya Google ilianza kuiunga mkono Kotlin rasmi kwa programu za Android mwaka 2017 na kuipa kipaumbele mwaka 2019. Hapo lugha mpya inaongeza thamani ya ujuzi wa awali.

Rust ina nafasi tofauti. Ilibuniwa kuzuia makosa ya matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, na tangu Desemba 2022 imo katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Manufaa yake ni makubwa katika kazi za aina hiyo, lakini huhitaji muda mrefu zaidi kuizoea, na anayelenga kutengeneza programu za simu kwa wafanyabiashara wa Tanga hailazimiki kuanza nayo.

Maswali manne ya kujiuliza

1. Je, ipo kazi mahususi ambayo lugha hiyo itaifanya vizuri kuliko lugha inayofahamika tayari?
2. Je, inatajwa katika matangazo ya ajira na zabuni, au inasifiwa tu na wapenzi wake?
3. Je, nani anaitunza, na je, miongozo yake inapatikana bila malipo?
4. Je, kifaa kilichopo kinatosha? Android Studio, kwa mfano, huhitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya angalau GB 8.

Kujaribu kabla ya kugharamia

Kotlin, Rust na Python zote zinaweza kujaribiwa kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Jaribio linalofaa ni kutengeneza programu ndogo yenye matumizi halisi, kama kurekodi uzito na bei ya samaki katika soko kama la Deep Sea jijini Tanga. Programu ikikamilika, mwanafunzi atakuwa na kielelezo cha kumwonyesha mwajiri; ikishindikana, atakuwa ametumia majuma machache badala ya mwaka mzima.

Anayeanza kabisa anashauriwa kuimarisha kwanza lugha moja iliyoenea pamoja na SQL. Misingi ya mantiki, mpangilio wa taarifa na utafutaji wa makosa haibadiliki sana kutoka lugha moja hadi nyingine, na ndiyo inayofanya lugha ya pili kujifunzwa kwa muda mfupi.