Kompyuta ikikataa neno la siri: Usikimbilie 'kupiga windows'

MWALIMU wa Mlali, wilayani Kongwa, anayerudi nyumbani jioni na kuwasha kompyuta yake ili ajumlishe alama za wanafunzi, kisha kioo kikamjibu kwamba neno la siri si sahihi, ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuibeba asubuhi hadi Kibaigwa au Dodoma mjini kwa fundi. Anaweza pia kukaa nayo kwa muda na kuuliza ni kitu gani hasa kilichokataa.

Njia ya kwanza ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayopoteza kazi za watu. Mafundi wengi wa vibandani wana dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni "kupiga windows", yaani kufuta mfumo uliomo na kuweka mwingine mpya. Kompyuta hufunguka kweli, lakini alama za mihula mitatu na picha za marehemu baba huweza kufutika pamoja na neno la siri lililosahaulika.

Kabla ya kukubali tiba hiyo, mtumiaji anapaswa kufahamu kuwa mara nyingi neno la siri halikusahaulika hata kidogo.

Chunguza kibodi kwanza

Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti kwa kompyuta. Kitufe cha Caps Lock kikiwa kimebonyezwa bila wewe kujua, kila jaribio litakataliwa. Kwa wenye namba katika neno la siri, kitufe cha Num Lock huleta hila ileile kwenye namba za upande wa kulia.

Katika Windows za miaka ya karibuni, pembeni ya kisanduku cha neno la siri hutokea alama ya jicho ukishaanza kuandika. Ibonyeze uone ulichokiandika. Ni hatua ndogo, lakini huokoa nauli.

Kompyuta za mitumba kutoka Ulaya zina tatizo lake. Ile ya Ujerumani hubadilishana nafasi ya Z na Y, na ile ya Ufaransa hubadilishana A na Q. Chini kulia mwa ukurasa wa kuingilia huwa na kifupisho cha lugha ya kibodi, endapo zimewekwa zaidi ya moja. Kibonyeze uchague nyingine.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma nalo halisameheki. Kitufe kilichoziba huruka herufi au kuirudia mara mbili. Hapo fungua kibodi ya kwenye kioo kupitia alama ya huduma kwa wenye ulemavu, iliyo pembeni chini, uandike kwa kipanya.

Jambo jingine ni saa. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme unapokatika, na tarehe potofu huweza kuizuia isiwasiliane na intaneti kuthibitisha akaunti yako. Ukiona tarehe ya ajabu kwenye kioo, irekebishe kwanza.

Ni mlango upi uliofungwa?

PIN ni ya kompyuta hiyo pekee. Ukiikosea mara kadhaa, Windows hukutaka uandike maneno fulani au uzime na kuwasha upya, na hilo lisikutishe. Chini ya kisanduku kuna njia nyingine za kuingia, ikiwamo neno la siri lenyewe.

Neno la siri la akaunti ya Microsoft, lile linaloambatana na barua pepe, hubadilishwa hata kwa simu ya jirani yenye intaneti. Hata hivyo, kompyuta isiyo na intaneti haitalijua neno jipya. Itaendelea kudai lile la zamani, na ndiyo sababu mtu aliyelibadilisha akiwa mjini hukataliwa akifika nyumbani. Jaribu la zamani, au unganisha kompyuta na intaneti ya simu kwa alama ya mtandao iliyopo kwenye ukurasa huohuo wa kuingilia.

Akaunti ya ndani isiyo na barua pepe huponywa kwa maswali matatu ya usalama, iwapo yaliwekwa. Windows 10 iliyaanzisha mwaka 2018. Kama hayapo, mwenye akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi kwenye kompyuta hiyo, pengine mkeo, anaweza kukuwekea neno jipya.

Usibahatishe mfululizo. Katika Windows 11 zilizowekwa upya tangu toleo la mwaka 2022, makosa 10 huifunga akaunti kwa dakika 10.

Laini iliyozimwa

Kikwazo kikubwa kwa Watanzania wengi kiko nje ya kompyuta. Ili kubadili neno la siri, Microsoft hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe uliyoiandikisha zamani. Je, laini hiyo ingali hai?

Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Aliyefungua akaunti mwaka 2016 kwa namba iliyozimwa wakati ule, na asiirekebishe, anasubiri ujumbe ambao hautafika. Namba iliyolala muda mrefu huweza pia kugawiwa mtu mwingine, na ujumbe ukafika kwake.

Kuondoa taarifa zote za zamani na kuweka mpya huchukua siku 30 za kusubiri. Kwa mwalimu anayedaiwa matokeo Ijumaa, siku 30 ni sawa na kuambiwa hapana. Hivyo aliye ndani ya akaunti yake leo aingie kwenye sehemu ya usalama na kutazama namba iliyoandikwa pale.

Tarakimu 48

Wakati mwingine kinachotokea si ukurasa wa neno la siri bali ukurasa wa buluu unaodai tarakimu 48. Huo ni ufunguo wa BitLocker, kinga inayofumba maandishi yote ya diski. Hujitokeza hasa baada ya matengenezo au mabadiliko ya ndani ya kompyuta. Julai 19, 2024, programu mbovu ya kampuni ya CrowdStrike ilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, mafundi wa mashirika makubwa walihaha kutafuta tarakimu hizohizo.

Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza. Kwa mtumba, huyo huenda ni mtu asiyejulikana aliyeko ng'ambo. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Kibaigwa wala wa Marekani atakayeyasoma mafaili hayo, na anayeahidi kinyume anakula pesa yako.

Kama diski haikufumbwa, habari ni njema. Fundi anaweza kuwasha kompyuta kwa mfumo wa Linux ulio kwenye flashi, akanakili mafaili yote bila kugusa neno la siri, ndipo apige windows akipenda. Mwambie hivyo kabla hajaanza, na umwone akinakili. Ajiandae pia kukuuliza kama kompyuta ni yako, na asilaumiwe kwa hilo, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini yake. Beba risiti.