Kudunduliza

Kitenzi hiki nakipenda sana, na sioni sababu ya magazeti yetu kukisahau. Kudunduliza ni kuweka kidogo kidogo: leo shilingi 500 iliyobaki sokoni, kesho 1,000, mpaka kiasi kinachotakiwa kipatikane. "Kuweka akiba" hakutoshi hapa, maana mwenye mshahara mnono anaweza kuweka akiba kwa mkupuo mmoja. Huyo hajadunduliza.

Mwenza wa neno hili ni kibubu, kile kisanduku cha mbao au chombo cha udongo chenye upenyo mwembamba tu. Hakina mlango wala kufuli. Fedha huingia bila taabu, lakini kuitoa shurti ukivunje, ndiyo maana tunasema kuvunja kibubu. Aliyekibuni aliijua vizuri tamaa ya binadamu, akaiwekea kizuizi.

Subira, neno lililotujia kutoka Kiarabu, mara nyingi hutajwa kama kungoja na kuvumilia. Kudunduliza ni subira yenye kazi mikononi. Anayejenga Dar es Salaam au Mwanza hununua kiwanja kwanza, kisha tofali, kisha hujenga msingi. Misimu ya mvua hupita, ndipo kuta huinuka na nyumba ikapauliwa. Wapita njia huona pagale. Mimi naona mtu aliyejinyima mengi kwa hiari yake, naye anastahili kitenzi chake. Kwa hiyo mhariri akitaka kuandika kwamba mama lishe "alikusanya" mtaji, namwomba aandike: alidunduliza.