Kutoka Chebunyo Hadi Kericho, Ukipitia Gwassi

Ukitaka kuisoma historia ya Wakipsigis kwa siku moja, panda mathree ya asubuhi Chebunyo, badilisha Bomet, pitia Kaplong na Litein. Mahindi yataisha, chai ianze.

Kericho, wageni hukimbilia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa 2015. Wana haki. John McAslan na wenzake wa London walilichora kwa matao ya zege yanayozidi kuwa makubwa, paa la vigae likipanda kuelekea altare. Hata asiyesali atainua macho.

Lakini zunguka mjini uulize kuhusu Talai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao Mwingereza aliwaogopa kweli. Koitalel arap Samoei aliuawa 1905. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegei, aliyekuwa huku Kipsigis, alihamishiwa Fort Hall, yaani Murang'a, mwaka 1914. Hao wawili hawakutosha. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuhamisha ukoo mzima, wazee kwa watoto wachanga, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o. Waliorudi karibu na uhuru, wengi hawakuwa na shamba la kurudia.

Koitalel ana makumbusho yake Nandi Hills. Habari za Gwassi mimi nilizipata jikoni kwa kogo, Chebunyo, na kwa sauti ya chini. Sisi si Talai. Tulikuwa majirani tu. Nikamuuliza, kogo, ng'ombe walioachwa nyuma walichukuliwa na nani? Akanimiminia mursik nyingine.