JIRANI WASIOELEWANA HUSIKIWA NA ADUI



Simu ya upepo ilipoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walidhani kwamba kazi iliyobaki ilikuwa kuongeza nguvu za mitambo tu. Historia imethibitisha vingine. Mitambo miwili yaweza kusikiana barabara, na bado wenye mitambo hiyo wasielewane. Tena wakielewana kwa njia isiyo na siri, adui naye huelewa.

Mwezi wa Agosti 1914, Urusi ilipeleka majeshi mawili kuivamia jirani yake Ujerumani katika jimbo la Prussia ya Mashariki. Jeshi la Kwanza la Jenerali Rennenkampf lilitokea mashariki, na Jeshi la Pili la Jenerali Samsonov lilitokea kusini. Shabaha ilikuwa kuwabana Wajerumani katikati. Lakini majeshi hayo yalitenganishwa na maziwa ya Masuria, na nyaya za simu hazikutosheleza. Makamanda wakategemea simu ya upepo.

Hapo ndipo ufa ulipoonekana. Funguo za mafumbo hazikuwa zimegawanywa sawasawa. Viko vikosi ambavyo havikuweza kufumbua ujumbe wa vikosi jirani, ingawa vyote vilitumikia bendera moja. Wapeleka habari wenye ujuzi nao walikuwa haba. Kwa kuwa vita havingoji, makamanda wakachagua njia nyepesi, wakatuma amri zao waziwazi, bila mafumbo.

Wajerumani walikuwa wametega sikio. Tarehe 25 Agosti walinasa habari zilizowaonyesha jinsi Rennenkampf alivyosonga polepole, na Samsonov alikokuwa akielekea. Majenerali Hindenburg na Ludendorff, waliokabidhiwa uongozi siku chache tu kabla, wakaendelea kwa uhakika na mpango wa kuacha ulinzi mwembamba mbele ya Rennenkampf na kumwelekea Samsonov kwa nguvu zote. Ilipofika tarehe 30 Agosti, Jeshi la Pili lilikuwa limevunjwa. Askari wapatao 90,000 walitekwa, na Samsonov akajiua. Hayo ndiyo mapigano ya Tannenberg.

Ni kweli kwamba uchovu, upungufu wa chakula na kutoshirikiana kwa majenerali pia vilichangia. Hata hivyo, si rahisi kupata ushindi ambao mshindi alisaidiwa namna hiyo na maneno ya adui yake mwenyewe.

Polisi nao wana funzo lao. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, askari polisi walitumia nambari zinazoanza na kumi ili kufupisha mazungumzo ya redio. 10-4, kwa mfano, ni kusema ujumbe umepokewa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, idara mbalimbali zilizipa baadhi ya nambari hizo maana tofauti. Idara zilipokutana katika maafa makubwa, nambari moja ikawa na tafsiri mbili. Mwaka 2006 serikali ya shirikisho ikataka maneno ya kawaida yatumike katika matukio yanayounganisha idara nyingi.

Je, mafunzo haya mawili yanapingana, moja likidai siri na jingine uwazi? La, hasha. Maana ya ujumbe lazima iwe moja kwa wote wanaohusika. Ufunguo wa kuufungua lazima uwe mikononi mwao peke yao. Ndivyo ilivyo hata kwa redio za kidijitali za leo, ambazo zaweza kuficha sauti zenyewe. Redio mbili za aina moja zenye funguo tofauti ni kama mabubu wawili. Na vyombo vinavyopelekeana taarifa za mahali, saa na hatari, kila kimoja kwa vipimo vyake, vyaweza kupeleka doria mahali pasipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vikosi vinavyolinda mpaka mmoja, au nchi jirani zinazomsaka mhalifu mmoja, hazina budi kukubaliana juu ya maneno, vipimo na funguo kabla ya safari, na kuvijaribu pamoja wakati wa amani. Warusi wa mwaka 1914 walikuwa na mitambo. Walichokosa ni mapatano.