Ukokotoaji Sambamba: Kila Mtu na Kinu Chake

Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, michi hupishana: mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Mpigo ukipotea, michi hugongana na mahindi humwagika. Sasa mpe kila mmoja kinu chake, debe la mahindi uligawe nusu kwa nusu. Hapo hakuna anayemsubiri mwenzake. Kote kuwili wanafanya kazi watu wawili kwa wakati mmoja, lakini ni kazi ya vinu viwili tu ndiyo ningeiita sambamba.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niitetee istilahi ya ukokotoaji sambamba kwa dhana ambayo Waingereza huiita “parallel computing”. Wapo wanaosema “kukokotoa kwa pamoja” au “kukokotoa kwa wakati mmoja”. Wanaeleweka, ila wanaacha kiini cha jambo nje, kwa kuwa hata wa kinu kimoja wanatwanga kwa pamoja. Sambamba tumelijua tangu darasani: mistari sambamba huenda ubavu kwa ubavu wala haikutani. Ndivyo kompyuta inavyotakiwa kugawiwa kazi, vipande visivyotegemeana, kila kipande na mkokotoaji wake.

Tuone kwa namba. Nina orodha ya namba milioni moja, na kila moja nataka kuizidisha kwa mbili. Viini vinne vya kichakataji vitachukua robo robo na kumaliza bila kusemezana. Lakini nikitaka jumla ya namba zote, na viini vyote viandike kwenye kisanduku kimoja, nimevirudisha kwenye kinu kimoja. Kisanduku kina 10. Kiini cha kwanza kinasoma 10, na cha pili nacho kinasoma 10. Cha kwanza kinaongeza 5, kinaandika 15. Cha pili kinaongeza 3, kinaandika 13 juu yake. Jibu lilipaswa kuwa 18. Tano imepotea, na kompyuta haikulalamika. Dawa yake ni kila kiini kijumlishe fungu lake pembeni, kisha majibu manne yaunganishwe mwishoni.

Ugumu wa pili uko kwenye vichakataji vyenyewe, ambavyo mitaani huitwa prosesa. Kichakataji kikuu kina viini vichache vyenye uwezo mkubwa. Kichakataji cha michoro kina maelfu ya viini vidogo vinavyopiga hatua kwa makundi. Isitoshe, kila kampuni ina lugha yake. CUDA, iliyotoka mwaka 2007, ni ya vichakataji vya Nvidia. AMD wana HIP. Intel wanatumia SYCL. Huko Marekani, kompyuta Frontier ya maabara ya Oak Ridge, ambayo Mei 2022 ilikuwa ya kwanza katika orodha ya TOP500 kuvuka operesheni bilioni mara bilioni kwa sekunde, ina vichakataji vya michoro zaidi ya 37,000, vyote vya AMD. Aurora ya Argonne inatumia vya Intel, na Perlmutter ya Berkeley vya Nvidia. Mtafiti wa hali ya hewa hawezi kuandika programu yake upya mara tatu.

Hapo ndipo zinapoingia maktaba huria kama Kokkos, iliyoanzia maabara ya taifa ya Sandia. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake punje. Mwandishi wa programu anaeleza kazi ya punje moja tu, kwa lugha ya C++, na maktaba inaitawanya kwa namna inayokifaa kichakataji kilichopo. Inapanga hata jedwali la namba kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kiini cha kichakataji kikuu hupenda kuufuata mstari wake mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo namba za mstari mmoja huwekwa jirani. Viini vya kichakataji cha michoro husoma kwa mkupuo, kila kimoja kwenye mstari wake, kwa hiyo zinazowekwa jirani ni namba za safu moja. Msimbo wa mwandishi haubadiliki.

Neno huria nalo lisichanganywe na bure. Soko huria halimaanishi bidhaa zinagawiwa bila malipo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa. Kwa uwazi huo, wataalamu wa Oak Ridge waliweza kuiongezea Kokkos uwezo wa kutumia HIP na SYCL, ingawa si wao walioianzisha.

Na maktaba hiyo yenyewe inaitenga tofauti niliyoanza nayo. Ina amri moja ya kazi zisizokutana, kama kuzidisha kila namba, na amri nyingine ya kazi ambazo matokeo yake lazima yaunganishwe, kama kutafuta jumla. Ya kwanza tunalo jina lake. Ya pili napendekeza tuiite ujumuishaji sambamba: kila mtu anatwanga kinuni mwake, kisha unga wote unamiminwa kwenye ungo mmoja. Mwanafunzi aliyezipata istilahi hizi mbili atajiuliza swali la lazima kabla hajaandika mstari wa kwanza wa msimbo: kazi yangu inahitaji vinu vingapi, na unga utakutana wapi?