Anwani ya Nyota na Kibla cha Karagwe



Katika Surat Yunus, aya ya 5, tumeelezwa kuwa mwezi umepangiwa vituo ili watu wapate kujua idadi ya miaka na hesabu. Wanachuoni wetu wa zamani walilipa uzito jambo hili. Nyakati za swala, mwezi mwandamo na kibla vyote vinahitaji elimu ya falaki. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi wanafalaki wanavyoipa nyota anwani yake, na kwa nini hesabu hiyo inamhusu Muislamu wa Igurwa, huko Karagwe, sawa na inavyomhusu mtaalamu mwenye darubini.

Vipimo vya mwenye kutazama

Njia nyepesi ni kupima kuanzia pale mtu aliposimama. Zinahitajika namba mbili. Ya kwanza ni irtifai, yaani kimo cha nyota kutoka upeo wa macho hadi utosini, kuanzia digrii 0 hadi 90. Ya pili ni samti, yaani upande ilipo nyota tukiuzunguka upeo wa macho kuanzia kaskazini. Neno hili la samti limeingia katika lugha za Ulaya kutoka Kiarabu.

Njia hii ina upungufu wake. Nyota huchomoza, hupanda na kuzama, hivyo namba zake hubadilika kila dakika. Na watu wawili, mmoja Bukoba na mwingine Cairo, wakiitazama nyota moja kwa wakati mmoja hupata namba tofauti. Wote wawili wamesema kweli, lakini hakuna awezaye kuzitumia namba za mwenzake.

Vipimo vya mbingu yenyewe

Kwa hiyo wanafalaki walitafuta misingi iliyo mbinguni kwenyewe. Waliuchukua mstari wa ikweta ya dunia wakaunyoosha hadi mbinguni. Umbali wa nyota kaskazini au kusini mwa mstari huo wakauita mailu. Kisha walihitaji mahali pa kuanzia kuhesabu kuelekea mashariki, wakachagua nukta ya itidali, pale jua linapoikata ikweta ya mbingu mnamo tarehe 20 au 21 Machi. Hesabu hii ya pili huandikwa kwa saa, 24 kwa mzunguko mzima.

Tuchukue mfano wa Shi'ra, nyota iliyotajwa katika Surat An-Najm. Mailu yake ni digrii 16 na dakika 43 kusini, na hesabu yake ya mashariki ni saa 6 na dakika 45. Anwani hiyo ni moja kwa mtu wa Bukoba na wa Cairo. Tena, anayeijua mailu ya Shi'ra akapima kimo chake inapofika kileleni, hupata latitudo ya mahali aliposimama. Hivyo ndivyo mbingu inavyoipima ardhi.

Nukta inayosogea

Hata hivyo, nukta ya itidali haitulii. Husogea polepole mbele ya nyota, takriban digrii moja kila miaka 72. Ptolemy, katika karne ya pili Miladia, alisema ni digrii moja kwa miaka 100. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, alipima upya akapata digrii moja kwa miaka 66, akaukaribia zaidi ukweli. Abdulrahman As-Sufi alipoandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, alichukua hesabu za Ptolemy za umbali kwenye njia ya jua, akaziongeza digrii 12 na dakika 42 ili zilingane na zama zake.

Ndiyo maana anwani ya nyota huandikwa pamoja na mwaka wake. Namba za Shi'ra tulizozitaja ni za mwaka 2000. Na kuanzia Januari 1, 1998, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliiacha nukta hiyo kuwa ndio msingi mkuu, ukategemea vyanzo vya mawimbi ya redio vilivyo mbali mno, ambavyo mwendo wake hauonekani kwetu. Katika orodha iliyoanza kutumika Januari 1, 2019, vyanzo vya msingi ni 303.

Hesabu hizi zilivyofika Karagwe

Novemba 1861, Waingereza Speke na Grant walifika kwa Mkama Rumanika wa Karagwe. Kabla yao wafanyabiashara Waarabu walikwisha kuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya Mkama. Wageni hao walipima vimo vya jua na nyota ili kupata latitudo, na umbali kati ya mwezi na nyota ili kupata longitudo. Njia ya mwezi ni ngumu: kosa la dakika moja ya digrii katika kupima huzaa kosa la kilomita 55 hivi ardhini. Katika latitudo, kosa hilohilo ni chini ya kilomita 2.

Vipimo hivyo havikubaki vitabuni. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mpaka wao magharibi mwa Ziwa Viktoria ufuate latitudo ya digrii 1 kusini. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Tume ya nchi hizo mbili ilikuja kuupima mstari huo kati ya 1902 na 1904. Upande wa Kyerwa, penye Murongo, mpaka ukaja kufuata mto Kagera, lakini mashariki zaidi ukabaki kwenye mstari wa mbinguni, na ardhi ya kaskazini mwa mto ikawa upande wa Tanganyika. Ardhi hiyo ndiyo aliyoivamia Idi Amin Oktoba 1978 akidai mpaka ni mto, na vita vikafuata hadi 1979.

Ibada za Igurwa

Ndugu msomaji, mafunzo ya historia hii ni kwamba namba isiyojulikana imepimwa kutoka wapi humpoteza mwenye kuitumia. Karagwe iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa digrii 8 hivi, na kila digrii ni dakika 4 za saa. Jua la Igurwa huzama baada ya lile la Dar es Salaam kwa takriban nusu saa: dakika 20 na kitu mwezi Desemba, na 40 hivi mwezi Juni. Anayefuturu Igurwa kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam amefuturu jua likiwa bado juu.

Na kibla ni hivyohivyo. Dar es Salaam kibla kiko karibu kaskazini kabisa, lakini Karagwe kinaelekea mashariki ya kaskazini kwa digrii 20 hivi. Wanachuoni wametofautiana iwapo aliye mbali analazimika kuelekea Al-Kaaba yenyewe, kama ilivyo katika madhehebu ya Shafi, au unatosha upande wake. Lakini msikiti mpya unapojengwa, hakuna udhuru wa kubahatisha. Nasiruddin At-Tusi, aliyefariki mwaka 1274, alieleza njia isiyohitaji chombo: mailu ya jua inapolingana na latitudo ya Makka, jua hupita utosini pa Al-Kaaba. Hutokea tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27, na saa ya Makka ndiyo saa yetu. Simamisheni kijiti wima penye jua kwa wakati huo. Kibla ni upande ulio kinyume na kivuli. Wazee wa msikiti na wanafunzi wa madrasa wakipige mstari huo pamoja kabla ya kuchimba msingi.

Wallahu aalam.