Hekalu la Wabudha Upanga: Historia Fupi kwa Wasomaji wa Kibaoni

Watu wa Kibaoni wanaijua vizuri njia ya dini kuingia mahali. Wakapuchini kutoka Uswisi walipokabidhiwa sehemu hizi miaka ya 1920, walikuja na shule, zahanati na masista, na mpaka leo mgonjwa wa Kilombero akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapo Ifakara. Miaka hiyohiyo, Dar es Salaam, Wabudha kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, walikuwa wakijenga hekalu lao Upanga, linalohesabiwa kuwa la kwanza barani Afrika la Theravada, tawi kongwe la dini ya Buddha. Mara nyingi husemwa kuwa hekalu hilo halina historia ya kusimulia kwa sababu halikuwabadili wenyeji dini. Makala haya yanashika kinyume chake: kutowinda waumini ndiko kulikolifikisha hapa.

Waasisi wake wanastahili kusifiwa, na kwa kirefu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, aliyekuwa pia mtawala wa Ceylon, hivyo Msinhala, yaani mtu wa kabila kubwa la Ceylon, aliyetafuta kazi alivuka bahari bila kutoka katika himaya ileile. Hawa hawakutumwa na kanisa wala kulipwa na shirika lolote. Walikuwa watu wa mishahara midogo waliounda chama chao, wakapewa kiwanja na serikali ya kikoloni, wakachangishana. Wakaagiza mche wa mti wa Bodhi kutoka Anuradhapura, mji mtakatifu wa kwao. Mti mama wa huko uliletwa kutoka India karne ya 3 kabla ya Kristo na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, na Wabudha huamini ulitokana na ule ambao Buddha alikaa chini yake akapata mwanga. Ni wa jamii moja na mikuyu yetu ya kando ya mto. Watu waliokubali gharama ya kuvusha mche baharini, kabla hawajawa na uhakika wa kubaki wenyewe, walikuwa na imani ya kudumu. Majina ya wengi wao hayasikiki tena, nasi tuliorithi kazi yao tunawashukuru hivyohivyo.

Pingamizi la kwanza juu ya dini yao litatoka kwa mkulima wa mpunga: hawa watawa wa hekaluni, wa nguo za rangi ya manjano, hawalimi, hawapiki, hawaoi, si uvivu huo? Sheria yao ndiyo inayowakataza. Mtawa wa Theravada hula alichopewa, na baada ya adhuhuri hali chakula tena hadi kesho. Hawezi kujitenga na watu hata akitaka, kwa kuwa jirani asipoleta wali, hakuna mlo. Kwa hiyo mtoaji ana nguvu kuliko anavyodhani: mtawa mwenye tabia mbovu hukosa sahani. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husemwa msikitini na kanisani: wanaabudu sanamu. Mgeni aangalie maua yanayowekwa mbele ya sanamu ile. Huwekwa mabichi, nayo hunyauka pale pale, na dua ya Kipali, lugha ya maandiko yao, inayosomwa wakati wa kuyatoa husema wazi kwamba mwili wa mwenye kutoa utanyauka vivyo hivyo. Buddha katika Theravada ni binadamu aliyezaliwa, akafundisha, akafa. Haombwi mvua wala mtoto. Ukisikiliza amri tano za muumini wa kawaida, yaani kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa vileo, shehe na padri wa Ifakara watakubaliana na nyingi kati yake, ijapokuwa ya kwanza inamgusa hata kuku.

Wengine husema hii itabaki dini ya wageni. Jibu liko Uganda. Steven Kaboggoza alikwenda India mwaka 1990 kusoma biashara, akakutana na watawa, akafanywa mtawa Marekani mwaka 2002 kwa jina la Bhante Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Waafrika wenyewe wamekwisha kuanza kufundisha.

Turudi Upanga, na miaka ya karibuni tuipitie haraka. Baada ya uhuru familia nyingi za Wasinhala ziliondoka, kwa sababu ambazo si za kuchambuliwa hapa. Ilikuwa miaka mizito, na hekalu likabaki. Watawa wameendelea kuja kutoka Sri Lanka, akiwamo kiongozi wa sasa, Ilukpitiye Pannasekara Thero. Kuna mafunzo ya kutafakari, misaada kwa wenye shida, na Vesak, sikukuu ya mwezi mpevu ambayo kwa kawaida huangukia Mei na kuwaleta pamoja Wabudha wa mataifa mbalimbali.

Wengi wa Kibaoni hufika Dar es Salaam kwa sababu ya Hospitali ya Muhimbili, na Muhimbili iko Upanga. Aliyekwenda kumwona mgonjwa na akabaki na saa moja, basi aulize hekalu la Wabudha. Avae nguo ya heshima, avue viatu mlangoni, asiielekezee sanamu nyayo zake anapokaa, na asisite kuuliza maswali magumu.